Ukumbini, barazani au kitandani: mwanafunzi wa muziki awapigie wazee vipi?

Mwambie mwanafunzi wa muziki kwamba makazi ya wazee yanahitaji watu wa kujitolea, na picha inayomjia kwanza ni onyesho: spika mbili, kinanda, kwaya ya darasa, fulana za rangi moja, bango lenye jina la chuo. Hiyo ni njia mojawapo. Ziko nyingine tatu zisizozungumzwa sana: kukaa barazani na kuimba pamoja na wazee kwa ratiba, kuingia na ala moja chumba kwa chumba hadi kwa yule asiyeamka kitandani, na kwenda kufundishwa, yaani mzee ndiye mwalimu wa nyimbo na wewe ndiye mwanafunzi. Ipo pia ya kuhamia na kuishi humo humo, ambayo mimi nimeisoma tu kutoka Ulaya na Marekani. Nitaigusa kidogo.

Nazilinganisha kwa ajili ya kijana wa chuo cha sanaa cha TaSUBa pale Bagamoyo, anayejifunza ala za taarab kama udi au qanuni Unguja, aliyeko idara ya sanaa chuo kikuu, na hata mpiga kinanda wa kwaya ya mtaani asiye na cheti chochote. Niseme mapema ninakoegemea. Kipimo changu ni kama mzee anaweza kukukatiza. Aseme "hapana, huo hauimbwi hivyo", aseme "punguza", aseme "leo sitaki". Njia inayompa nafasi hiyo naipandisha hata kama muziki wake ni dhaifu kidogo. Inayomfunga mdomo naishusha, hata vijana wawe wamepiga kwa ustadi gani.

Kwanza: makazi ya serikali au ya dini?

Tanzania Bara serikali ina makazi ya wazee na wasiojiweza sehemu nyingi: Nunge kule Kigamboni, Fungafunga Morogoro, Njoro Moshi, Kolandoto Shinyanga, Bukumbi Mwanza, Ipuli Tabora. Zanzibar kuna Sebleni na Welezo kwa Unguja, na Limbani kwa Pemba. Mashirika ya dini nayo yana nyumba zao. Nairobi, kwa mfano, masista wa Little Sisters of the Poor wana Nyumba ya Wazee huko Kasarani, na kaunti ina Mji wa Huruma kule Runda.

Kwenye makazi ya serikali utapitia karatasi. Barua ya utambulisho ya chuo, afisa ustawi wa jamii, afisa mfawidhi wa makazi, na kwa Bara wizara inayohusika ni ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum. Usinune. Mlango unaofunguka kwa kila anayekuja na kamera si mlango salama kwa mzee. Kwenye nyumba za dini jibu huja upesi zaidi, maana mwenye uamuzi mara nyingi yuko hapo hapo, ila siku yao ina saa za sala zisizosogezwa, na kuna nyimbo ambazo wewe unaona ni za kawaida tu lakini sista mkuu ataziona za baa.

Kwa mwanamuziki, tofauti yenyewe haipo kwenye barua bali kwenye mchanganyiko wa watu. Nyumba ya dini aghalabu ina wazee wanaoshiriki angalau nyimbo za ibada. Makazi ya serikali hupokea wasio na ndugu wa kuwatunza, na kati yao wamo waliosafiri mbali ujanani, wengine wakiwa manamba kwenye mashamba ya mkonge, wakamaliza mikataba na hawakurudi kwao. Kwenye baraza moja unaweza kumkuta Mmakonde, Muha, Msukuma na Mzaramo. Hapo "wimbo wa zamani" si mmoja. Yule ambaye ujana wake ulipita kwenye ngoma ya sindimba hana habari na muziki wa dansi wa Dar es Salaam unaodhani wazee wote waliucheza. Faida yake ni utani: Mzaramo na Msukuma ni watani, na wakianza kurushiana maneno kikao kimeshafunguka kabla hujatuni gitaa.

Jambo moja la kuulizia mapema kwa mfawidhi: baadhi ya makazi ya serikali yanatunza pia watu waliowahi kuugua ukoma. Ukisimama mbele na kusema "haya wazee wetu, tupige makofi", wapo ambao vidole vyao haviruhusu. Tumia kuitikia kwa sauti, kutikisa kichwa, kugonga mguu. Makofi waachie watakaoyaanza wenyewe.

Onyesho la ukumbini

Ubora wake ni kwamba linabeba watu wengi. Kama darasa zima linataka kwenda, hakuna njia nyingine. Huwezi kuingiza vijana ishirini vyumbani. Linawafurahisha pia wahudumu, ambao mara nyingi husahaulika, na kuna wazee wanaopenda shangwe hasa, wanaovaa nguo nzuri tangu asubuhi kwa kuwa wamesikia kuna ngoma. Sitaki kuwadharau. Mzee aliyekuwa akienda kucheza dansi kila Jumamosi enzi za NUTA Jazz na Western Jazz ana haki ya kusikia besi na tumba, si gitaa la kunong'ona tu.

Lakini hesabu hasara. Masikio ya uzeeni hupoteza kwanza sauti za juu na nyembamba, zile zinazobeba herufi kama s na f, ndiyo maana mzee husikia kwamba unaimba ila hasikii unaimba nini. Ukiongeza sauti ya spika kwenye ukumbi wa sakafu ya saruji na kuta tupu, unaongeza mwangwi, na maneno yanapotea zaidi. Anayevaa shime sikio ndiye anayeteseka kuliko wote, kwani kile kifaa kinakuza kila kitu, pamoja na kelele za viti. Na kama ni masika, mvua juu ya bati itawashinda nyote.

Halafu kuna tatizo la mgeni rasmi. Onyesho huvutia viongozi, viongozi huchelewa, na wazee huwa wameshapangwa kwenye viti tangu saa tatu. Kuna anayehitaji kwenda msalani na anaona haya kusema. Hotuba zikiisha, makabidhiano ya mchele, mafuta na sabuni yakiisha, muziki wenyewe unapata dakika kumi na tano. Kwa kipimo changu hii njia inafeli: hakuna mzee atakayeinuka katikati ya watu mia aseme mmekosea ubeti.

Ukilazimika kuichagua, irekebishe. Isizidi dakika arobaini. Usiwe na mgeni rasmi. Acha spika chuoni, isipokuwa moja ndogo kwa ajili ya besi. Weka waimbaji katikati ya wazee badala ya mbele yao. Na tafadhali badilisha tarehe. Wageni hujaa Oktoba 1, Siku ya Wazee Duniani, hujaa Machi 8 kwa vikundi vya akina mama, hujaa Krismasi na Idi. Mei hakuna mtu. Nenda Mei, mradi mvua imetulia.

Baraza la kuimba pamoja

Hii ndiyo ninayoipendekeza kwa wengi, kwa hiyo nitakaa hapa.

Mnakwenda wawili au watatu, ala moja ya kubeba wimbo na moja ya mapigo, mnakaa kwenye viti vya kimo kile kile walichokalia wazee, kwenye duara lisilo kubwa. Muda mzuri ni baada ya chai ya asubuhi, kama saa nne hivi. Baada ya chakula cha mchana wengi hulala. Saa kumi jioni pia inafaa, ila jua likianza kuzama baadhi ya wenye ugonjwa wa kusahau hupata wasiwasi, na muziki usiozoeleka huuongeza. Mwezi wa Ramadhani ulizeni kabla ya lolote. Kwenye makazi yenye Waislamu wengi ni bora kusubiri mwezi uishe, au kualikwa kwa kaswida baada ya futari.

Chagua nyimbo kwa hesabu ya umri. Watu hushika zaidi muziki waliousikia kati ya utoto wa mwishomwisho na miaka kama ishirini na mitano. Mzee aliyezaliwa 1945 alikuwa na miaka 19 mwaka 1964. Kwa hiyo nyimbo anazozijua bila kufikiri ni za miaka ya hamsini mwishoni hadi sabini mwanzoni: Cuban Marimba na Morogoro Jazz kwa wa bara, taarab ya Ikhwani Safaa na Culture Musical Club kwa wa Unguja, nyimbo za vijana wa TANU na za Afro-Shirazi, nyimbo za jando na unyago, lelemama kwa akina bibi wa pwani, bugobogobo kwa aliyelima kwa jembe huko Usukumani. Kijana anayefika na nyimbo za miaka ya tisini akidhani ni za kale amekosea kwa kizazi kizima. Hizo ni za watoto wao.

Shusha kii, yaani kimo cha sauti ambacho wimbo unaanzia. Sauti hushuka na kupungua upana kadiri umri unavyokwenda, hasa kwa wanawake, na wimbo uliorekodiwa na mwimbaji wa miaka ishirini na mbili hauimbiki tena pale pale. Nusu toni tatu au nne chini, mara nyingi zinatosha. Punguza na mwendo pia, lakini si sana. Wazee wakiimba taratibu kupita kiasi pumzi inawaishia katikati ya mstari. Utajua mwendo sahihi ukiacha mmoja wao aanzishe, nawe ukamfuata. Hili huwapa shida waliosoma sana muziki wa kuandika. Wanataka kuhesabu nne kabla ya kuanza.

Kinachoipandisha njia hii ni kwamba mzee hukukatiza bila woga. Nimewahi kumsikia bibi akisimamisha wimbo mzima kwa kiganja, akatuambia kiitikio tunachoimba ni cha redioni, kwao waliitikia vinginevyo, kisha akaimba cha kwao. Wenzake wawili wakabisha. Ukazuka mjadala mrefu ambao sisi wapigaji tulikaa tu kuusikiliza, na sidhani kama kuna wimbo tungeweza kupiga siku ile ukawachangamsha kuliko ubishi ule.

Kuna ugumu wake. Baraza linahitaji kurudi, na mwanafunzi ana mitihani, ana likizo, ana nauli. Anayetoka mjini kwenda Nunge anapanda kivuko na bajaji. Ukijumlisha na gitaa mgongoni, Jumamosi imekwisha. Afadhali mara moja kila wiki mbili inayotimia kuliko kila wiki inayokatika baada ya mwezi. Waambieni wazee siku kwa majina wanayoyatumia, Jumamosi ya baada ya mshahara, Ijumaa ya kwanza, na mwandikieni mhudumu karatasi aibandike ukutani. Wapo wanaohesabu.

Haimfai mpigaji anayetaka kung'ara. Kama umetumia miaka mitatu kujifunza solo ngumu ya fidla, barazani utapiga noti nne kwa nusu saa na hakuna atakayejua. Na asiyeimba kabisa, apige tu, atahitaji mwenzake mwenye mdomo.

Vilevile dini. Barazani Mkristo na Mwislamu wamekaa pamoja, na yupo mzee aliyekwenda hija ambaye hataki tena ala za nyuzi. Usimshawishi. Anza na nyimbo zisizo za ibada, muulize yeye kama angependa kuanzisha kaswida kwa mdomo au dufu, kisha yule wa kwaya naye apewe zamu. Nyumba ikiwa ya kanisa usijifanye hujui. Piga nyimbo zao za ibada, ndizo wanazozijua beti zote.

Ala moja, chumba kwa chumba

Wapo wasiofika barazani. Kiharusi, mvunjiko wa nyonga, macho, au basi tu hataki watu. Kwa hawa onyesho lote ukumbini ni kelele za upande wa pili wa ukuta. Mtu mmoja akiingia na udi au gitaa la nyuzi za nailoni, akasalimia, akakaa, anampa kitu ambacho kikundi hakiwezi.

Kuna jambo linalojulikana vizuri kwa wauguzi na linalowashangaza wanafunzi: aliyepoteza maneno kwa kiharusi wakati mwingine huweza kuimba maneno yale yale asiyoweza kuyasema, na mwenye ugonjwa wa kusahau, asiyetambua hata mwanawe, anaweza kumaliza ubeti ulioachwa nusu. Kumbukumbu ya wimbo hudumu pale ambapo nyingine zimeshachoka. Usiligeuze kuwa mazingaombwe ya kurekodi na simu. Na usijiite mganga: tiba ya muziki ni taaluma yenye mafunzo yake, wewe umekuja kupiga wimbo.

Kwa kipimo cha kukatizwa, njia hii ni ya hatari kuliko inavyoonekana. Mko wawili tu, yeye amelala, wewe umekaa, na adabu zetu zinamzuia mzee kumwambia mgeni atoke. Atavumilia. Kwa hiyo kukataa umrahisishie mwenyewe. Uliza mlangoni, kabla ya kuingia: "Shikamoo babu, nipige kidogo au nije siku nyingine?" Mtu huchagua "siku nyingine" kwa urahisi zaidi kuliko kusema "sitaki". Piga wimbo mmoja, nyamaza, subiri. Akifumba macho na uso umelegea, endelea. Akigeukia ukutani, aga. Akilia, usikimbilie kubadilisha wimbo. Kaa, acha ala ipumzike, mwite mhudumu kama kilio kinazidi. Kuna machozi anayoyataka.

Nenda na mhudumu, angalau mara za mwanzo, na mlango uwe wazi. Kijana wa kiume asiingie peke yake chumbani kwa bibi. Hili halihitaji kuandikwa kwenye sheria ya makazi ndipo ulifuate. Kaa chini usawa wa macho yake. Kama upande mmoja umepooza, kaa upande anaouona na kuusikia vizuri, na mhudumu atakuambia ni upi.

Ichague hii kama una utulivu, unajua nyimbo nyingi kwa kichwa, na unaweza kutoka vyumba vinne ukawa bado mzima moyoni. Kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ambaye hajawahi kuuguza mtu, ningesema aanzie barazani.

Mzee kama mwalimu

Hapa mambo yanageuka, na kipimo changu kinapata alama zote, kwani kukatizwa ndiyo kazi yenyewe. Unakwenda kwa mzee mmoja aliyekubali, mwenye nyimbo za ngoma ya msewe au za kuvuna au za kwenye mkonge, akufundishe. Anaimba, unarudia, anakukosoa. Unarudi wiki ijayo ukiwa umefanya mazoezi, na anasikia kwamba umefanya. Kwa mtu ambaye kwa miaka kila anayemjia anamletea kitu, kuwa na kitu ambacho mgeni amekuja kukichukua ni cheo.

Mfano mzuri wa wazee na vijana kukutana kwa namna hii uko Milano, Italia. Mtunzi wa opera Giuseppe Verdi alijenga kwa fedha zake nyumba ya kuwatunza wanamuziki waliozeeka bila kipato, akaagiza isifunguliwe kabla hajafa. Alifariki 1901, nyumba ikapokea wazee wa kwanza 1902. Siku hizi inapokea pia wanafunzi vijana wa muziki wanaoishi humo na wale wakongwe. Kijana akipiga piano vibaya ghorofa ya chini, yupo mzee wa juu aliyeimba opera maisha yake yote atakayeshuka kumwambia.

Kwetu wazee wa makazi wengi hawakuwa wanamuziki wa kazi, lakini hilo halipunguzi kitu. Aliyeimbisha wenzake shambani anajua kuongoza kuitikia kuliko mhitimu wa uongozi wa kwaya.

Ubaya wake ni uporaji. Mwanafunzi anarekodi, anaandika utafiti wake, anapata alama, labda anauingiza wimbo kwenye albamu, na mzee anabaki na soda. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na sauti na picha ya mtu anayetambulika ni taarifa zake. Omba idhini kwa lugha anayoielewa, mbele ya mfawidhi, na ueleze rekodi itakwenda wapi. Kama mzee ana ugonjwa wa kusahau, "ndiyo" yake ya leo haitoshi, na hapo ni bora usirekodi, ujifunze kwa sikio kama yeye alivyojifunza. Jina lake litajwe kama amependa litajwe. Rekodi akipenda apewe nakala, iingizwe kwenye simu ya mhudumu au redio ndogo ya kadi, awasikilizishe wenzake. Nyimbo za unyago na jando zina mipaka ya nani asikie. Bibi akikuambia huo si wako, mjadala umekwisha.

Haifai kwa mwenye haraka, na hasa haifai kwa anayetafuta tu cheti cha kujitolea cha kuambatisha kwenye maombi ya ufadhili. Inamfaa anayesoma ngoma za asili, taarab, au anayetunga na amechoka kukopa midundo ya wengine.

Kuhamia humo humo

Cleveland, Marekani, kuna nyumba ya wastaafu iitwayo Judson Manor ambako wanafunzi wa chuo cha muziki cha mji huo wameishi bila kulipa kodi, malipo yao yakiwa kuwapigia na kuishi na wakazi. Deventer, Uholanzi, nyumba ya Humanitas iliwapa wanafunzi chumba bure kwa saa 30 kwa mwezi za kuwa jirani mwema. Kwa walioko ughaibuni huko, ambako kodi ya chumba inakula nusu ya mfuko, ni jambo la kuulizia. Uingereza wapo Live Music Now, ambao tangu 1977 huwapeleka wanamuziki chipukizi kwenye nyumba za wazee, nao hao hulipwa, jambo ambalo wenzetu wa vyuo vya muziki wangefikiria siku moja. Kwa hapa nyumbani makazi mengi hayana chumba cha ziada hata cha mhudumu, kwa hiyo siingii ndani zaidi.

Ala

Gitaa la nailoni na udi vinakwenda kila mahali. Sauti yake ni ya katikati, masikio ya mzee bado yanaifikia. Besi na ngoma kubwa husikika hata na asiyesikia vizuri, kwa kifua na miguu, ila kwa chumba ni nyingi mno. Fidla na filimbi zikipanda juu zinapotea au zinakera, piga chini. Akordioni ni nzuri sana kwa wazee wa Unguja. Tarumbeta, uani tu. Kinanda kinahitaji umeme na meza, na kinamweka mpigaji nyuma ya ukuta wa plastiki, lakini kwa nyimbo za kanisa sijaona mbadala. Zeze na ilimba, ile ala ndogo ya kupigwa kwa vidole gumba, ukiwa nazo, zibebe hata kama huzipigi sana, maana kuna mzee atakayenyoosha mkono aombe kuishika, na hapo ratiba yako yote unaiacha.

Basi uchague ipi?

Kama mko darasa zima na mna siku moja tu, fanyeni onyesho, fupi, Mei, bila spika kubwa. Kama mko wawili au watatu na mnaweza kurudi angalau kwa muhula mmoja, chagueni baraza, msitafute kingine. Mpigaji mmoja mtulivu mwenye nyimbo nyingi, aliyekwisha kuzoeleka barazani, aongeze vyumba viwili vitatu kabla ya kuondoka. Kufundishwa hakuchaguliwi siku ya kwanza. Huzaliwa barazani, pale mzee mmoja anapokukatiza kwa mara ya tatu na ukaona anajua. Ukitaka kuruka moja kwa moja huko na kinasa sauti mkononi, utapewa nyimbo mbili za shule ya msingi na tabasamu.

Linganisha pia namna ya kuondoka, kwa sababu utamaliza chuo. Anayetoweka tu baada ya mahafali huwaachia wahudumu kazi ya kujibu "yule kijana wa gitaa yuko wapi" kwa miezi. Anayekabidhi hutaja mwezi wake wa mwisho mapema, huja na mwanafunzi wa mwaka wa pili mara mbili tatu ili wazee wamzoee na wamkosoe, na humwachia daftari: nyimbo zipi, kii ipi, nani hapendi makofi, nani husikia kwa sikio la kushoto, nani huimbisha. Daftari likae ofisini kwa mfawidhi, lisibaki na mwanafunzi.